Mwaka Tuliokatazwa Kuita Njia

Shomari Mfaume amekufa kitandani kwake, juu ya godoro zuri, wanawe wakimshika miguu. Habari nililetewa na kijana mmoja wa kijiweni nikiwa nimeinama kwenye karai la maji natafuta tundu la pancha. "Mzee Kibwana, yule mwenyekiti wetu wa zamani hatunaye." Nikamwambia nimesikia, nikaendelea kuizungusha tyubu ndani ya maji. Kijana akasimama kidogo, nadhani alingoja niseme innalillahi. Niliisema baadaye, peke yangu, kwa sababu dini ni dini. Machozi hayakuja, na mimi sikuyaita.

Msibani nilikwenda. Nilikaa jamvini kama wengine, mguu wangu mbovu nimeunyoosha mbele maana haukunjiki, nikaletewa ubwabwa na maharage, nikasikiliza jinsi anavyosifiwa. Huyu ndiye aliyeijenga Kongowe. Huyu hakuwa na makuu. Huyu ndiye aliyetuletea wageni wakati vijiwe vingine vinapigwa jua tu. Jamaa mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, huku anacheka kwa chini kama watu wanavyocheka msibani, "Unazikumbuka zile safari za Jumapili? Asingekuwa yule mlevi Eliya, leo tungekuwa mbali." Nilikuwa nimeshika tonge. Nikalirudisha kwenye sahani. Nimekaa Kongowe miaka yote hii naziba pancha za watu, na miaka yote maneno hayo nimeyasikia kwa midomo tofauti. Wapo vijana pale kijiweni ambao Eliya hawakumwona hata kwa picha, lakini mwenzao akija asubuhi macho mekundu, ananuka, wanamwambia, "Oya, leo umeamka Eliya!" Wanacheka wanapigana mabega. Hawajui kama Eliya alikuwa mtu. Wanadhani ndiyo jina la ulevi. Naandika haya ijulikane kwamba alikuwa mtu, pombe hakunywa, na waliomfikisha pale alipofia wana majina. Mimi shule sina, niliishia darasa la nne. Atakayekuta makosa ya herufi anisamehe.

Mwaka ule bodaboda zilikuwa bado ngeni upande wetu. Mimi na Eliya tulipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, na unga ulikuwa unapita chini ya mlango unatua juu ya kila kitu: shuka, sufuria, viti vya pikipiki. Pikipiki zote mbili zililala ndani pamoja na sisi, maana nje zingeibwa, na zenyewe zilikuwa za tajiri, siyo zetu. Tulilala vichwa karibu na usukani, tukavuta harufu ya petroli mpaka tukawa hatuisikii tena. Eliya alikuwa Mlutheri wa Mzenga, na kule alimwacha mkewe, Zawadi, na mtoto wa kiume aliyekuwa bado anabebwa. Aliimba kwaya, ile sauti nzito ya chini kabisa. Akioga asubuhi nyuma ya ua wa makuti huku anaimba, mwenye mashine anampigia kelele, "Eliya, punguza, unanitetemeshea mizani!" Naye anazidisha. Pombe hakuigusa, na siyo kwa dini tu. Tumbo lake halikuitaka. Hata soda ya tangawizi ilimpa kiungulia akakesha anageuka. Mimi ndiye niliyekunywa enzi zile, na nikirudi nimechangamka yeye ndiye aliyenivua viatu, ananiambia, "Kibwana, siku moja utalala na helmeti kichwani uzaliwe upya kama kobe." Nimekaa na mtu huyo chumba kimoja mwaka mzima. Halafu mtu anakuja kuniambia mimi habari za ulevi wake.

Sasa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Njia za ndani za kutoka kwetu kwenda Kisarawe ni za vilima, unapanda unashuka, unapanda unashuka. Kupanda kunakula petroli, na petroli ilikuwa juu yetu, siyo juu ya tajiri. Kwa hiyo kila dereva akifika kichwani mwa mteremko anatoa gia, anazima ufunguo, pikipiki inashuka yenyewe kwa uzito wake, kimya. Ufunguo ukizimwa, na honi inakufa. Na watu wa kule wanatembea katikati ya njia kwa sababu pembeni ni mchanga na makorongo. Mwenye kuni kichwani hageuki nyuma kuangalia, anategemea masikio. Akisikia muungurumo ndiyo anapisha. Hapo ndipo ilipotoka desturi yetu. Anayetangulia anaita kabla ya kila kona: "Njiaaa!" Wa nyuma anaitikia: "Njia hiyooo!" Hakuna aliyetufundisha, na hakuna aliyethubutu kushuka bila kuita, ilikuwa sawa na kuingia nyumbani kwa watu bila hodi. Eliya akiita, bonde zima linapata habari. Akina mama walio kisimani walimjibu kwa vigelegele vya kumsuta, "Haya pita, bwana harusi! Mkeo tumemficha!" Naye akifika chini anawajibu, "Mfugeni vizuri, nitakuja na mahari!" Tulikuwa tukicheka mpaka tunasahau kuwasha injini.

Deo Mbelwa aliingia katika maisha yetu kwa sababu gari lake liliharibika. Alikuwa mtu wa Dar, mnene, kamera shingoni, anaongea kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa anakwenda Kibuta kuangalia shamba la kununua, fundi akamwambia gari siyo la leo, akapanda pikipiki ya Eliya. Waliporudi jioni alikuwa mtu mwingine. Alisimama katikati ya kijiwe vumbi limejaa kwenye nyusi, anatutazama mmoja mmoja. "Jamani, mnakalia mali hamjui! Watu wa mjini masikio yao yana kelele saa zote. Mtu ateremke pale, injini imezimwa, asikie ndege, asikie upepo kwenye mikorosho, aone lile bonde mpaka majengo ya Dar kule mbali. Mbona atalia!" Shomari, mwenyekiti wetu, mtu mwembamba aliyekuwa na kijiti mdomoni kutwa nzima, akamwambia, "Walie tu, kaka, ilimradi waje." Hivyo ndivyo zilivyoanza. Kila Jumapili Deo analeta wageni wake mpaka Kongowe, sisi tunawabeba, tunaiacha lami, tunapita njia za ndani mpaka Kibuta, wanakula, tunarudi. Eliya alisema, "Mwenyekiti, Jumapili mimi nina kwaya." Shomari akahamisha kijiti upande wa pili. "Mungu yupo hata Jumatatu, Eliya. Wageni Jumatatu hawapo." Watu wakacheka, na Eliya akacheka pia, maana nyumba yake ya Mzenga ilikuwa imefika kwenye lenta na alitaka kuiezeka kabla ya masika.

Sitasema uongo, palikuwa pazuri. Mimi nilizaliwa kwenye vilima vile na sikuwahi kuviangalia. Nilijua tu wapi pana mchanga na wapi mbwa wanafukuza. Ilikuwa mpaka nimbebe mtu aliyetoka mjini, anipige bega, "Simama, simama kidogo," ndipo nami nilipogeuza shingo. Asubuhi ukungu unakuwa umelala chini bondeni kama maziwa kwenye bakuli, vichwa vya minazi vinatokeza juu yake. Udongo mwekundu, mananasi yamepangwa kwa mistari ubavuni mwa kilima, moshi wa mtu mmoja tu mahali usipopaona. Halafu unazima ufunguo. Unashuka, na kitu pekee unachosikia ni tairi inasaga mchanga na upepo unapita kwenye kofia. Mama mmoja wa makamo niliyembeba alinishika kiuno akaniambia, "Mwanangu, sijawahi kusikia hivi tangu nimehamia mjini." Nilijisikia vizuri siku ile, kama vile bonde ni langu na nimemgawia. Leo nikiikumbuka raha hiyo inanichoma, kwa sababu ndiyo waliyoiuza.

Kibuta tulikuwa tunafikia kwa Mama Tatu, mjane aliyepikia wageni kuku wa nazi, mihogo na kisamvu. Wageni walikaa barazani kwenye mikeka mipya, na sisi madereva tulikula jikoni, ugali na mchuzi, na zile shingo na miguu ya kuku ambayo watu wa mjini hawaitaki. Jiko lilikuwa la fito, udongo umeanguka upande mmoja, kwa hiyo mtu akisimama nyuma yake kuongea siri anaongea na sisi. Jumapili moja Deo na Shomari walikuja kusimama hapo. Mimi nilikuwa nafyonza mfupa. Deo akasema, "Shomari, vijana wako wananiharibia. Wanapiga makelele kama wauza samaki. Yule dada niliyemleta leo ameshtuka nusura aanguke. Mimi nimewauzia watu kimya." Shomari akamjibu, "Wanaita njia, Deo. Kule kuna watu." "Watu gani Jumapili? Basi weka pikipiki moja itangulie peke yake, iwashwe injini, iondoe watu." "Na huyo wa kutangulia naye atataka posho yake." Deo akasonya. "Basi waambie wanyamaze." Nilimsikia Shomari anatema kijiti. "Haya," akasema. "Watanyamaza."

Hapo naomba pasomwe mara mbili. Hakuwa mtu asiyejua. Alisema kwa mdomo wake, kule kuna watu.

Eliya alinitazama, tonge limesimama shavuni. "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Akatikisa kichwa akacheka, "Kushuka bila kuita! Huyu wa mjini kapagawa." Alidhani ni maneno ya jikoni yatakayoishia jikoni. Jumatatu Shomari akatukusanya, akasema kuanzia sasa atakayepiga ukelele kwenye msafara asihesabu tena Jumapili zake. Eliya alisimama. Namkumbuka alivyosimama, kofia ameibana kwapani, kama mtu anayeomba ruhusa shuleni. "Mwenyekiti, kama hatuiti, basi tushuke injini zinawaka, tuwe na honi." "Injini ni kelele. Watu wametoka mjini kukimbia kelele." "Basi wewe utangulie na honi, sisi tukufuate." Pale watu wakaguna, wengine wakacheka, maana Shomari kila safari alikaa nyuma kabisa, amembeba Deo. Shomari hakucheka. "Eliya, kama unataka kuimba rudi kwaya. Wanaoitaka nafasi yako wapo wengi, nikiwaita hapa watajaa." Na kweli walikuwepo, walikuwa wamekaa hapo hapo wanasikiliza. Eliya akakaa chini. Chumbani jioni ile alipika wali, ukaungua, tukala vivyo hivyo. Akaniambia, "Kibwana, tukimaliza kuezeka naacha." Nikamwambia nami nitaacha. Jumapili tatu au nne tulishuka bubu. Akina mama wa kisimani walishtuka tukiwapita, wakatutukana, nasi hatukuwajibu kwa sababu nyuma yetu wamekaa wageni.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi njema, mvua imenyesha kidogo usiku, vumbi limelala. Wageni walikuwa mume na mke. Mke alipanda kwa Eliya, mume kwangu, viatu vyake vyeupe havijawahi kukanyaga udongo. Shomari nyuma, Deo mgongoni kwake na kamera. Kichwani mwa mteremko wa Kibuta tulisimama wakapiga picha. Mke alimwuliza Eliya, "Kaka, hivi nyie mnapachoka?" Eliya akamjibu, "Dada, huwa tunapaona mkija nyie." Akazima ufunguo akatangulia. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, kimya. Kona ya tatu njia inajikunja kwenye mianzi, na chini yake alikuwa anapanda mtu wa mkaa. Wale watu wanajaza magunia kwenye baiskeli mpaka mbele hawaoni. Anaisukuma ameinama, kichwa nyuma ya gunia, masikio ndiyo macho yake. Nilimwona Eliya anaingia kwenye mianzi. Nikasikia sauti yake, ile ile, nzito. "Njia!" Haikuvutwa. Ilikatika. Na mimi nilikuwa nyuma yake kwa nafasi ndogo, nikaingia kona nikakuta njia yote ni mkaa, baiskeli na pikipiki, nikapita juu.

Mtu wa mkaa alikimbilia msituni. Simlaumu, mkaa wake haukuwa na kibali, na yeye akiona watu wamejaa anaona mabwana misitu. Yule dada alivunjika mkono. Mumewe alichubuka kiwiko, akawa anazunguka na viatu vyake vyeupe vimekuwa vyeusi, anasema, "Wapigieni simu, wapigieni," na hakuna aliyejua nani apigiwe. Mimi nilikuwa nimelala ubavu, taya limeachia, mguu umegeuka, na nilikuwa namwona Eliya vizuri kabisa. Alikuwa hajafa. Alikuwa anaangalia juu, anavuta pumzi kama mtu anayesikiliza kitu. Nilitaka kumwita nikashindwa, mdomo ulikuwa damu tupu. Shomari alifika akasimama juu yake, kisha akainama, akaanza kumpapasa mifukoni. Nilidhani anatafuta simu.

Hospitali walinifunga taya nisiweze kulifungua. Mama Halima, aliyekuwa akitupikia pale kijiweni, alikuwa anakuja na uji mwepesi kwenye chupa ya chai, nanyonya kwa mrija. Siku moja aliuweka chini, akajifuta uso na kanga. "Mwanangu, jana walikaa kikao cha ajali. Viongozi walikuja. Shomari ametoa pakiti ya pombe kali, zile ndogo za kuchana kwa meno, akaiweka mezani. Anasema ameikuta kwa Eliya mfukoni. Anasema alimwonya asitangulie, Eliya akambishia kwa ulevi. Na yule mnene wa kamera akaitikia, ndiyo, ndiyo, alikuwa ananuka." Nikakumbuka alivyompapasa mifukoni mbele ya wageni, nikapiga chuma cha kitanda kwa ngumi. Wagonjwa wengine wakageuka. "Najua, baba, najua," Mama Halima akasema, "nilimuuliza Shomari, mbona Eliya hanywi? Akaniambia wewe mama piga mwiko wako. Anayejua ni wewe, na mdomo huna." Nilimwonyesha kwa mkono aniletee karatasi. Akaniletea. Nikaandika nilivyoweza, akaipeleka kwa wale viongozi. Wakamjibu kwamba mtu aliyegonga kichwa haandiki akaeleweka.

Kwenye maziko ya Eliya sikuwepo, lakini nimeelezwa. Habari ya pakiti ilifika Mzenga kabla ya maiti. Nusu ya kwaya haikuja. Waliokuja waliimba wimbo mmoja, mfupi, sauti ya chini haina mtu, wakakunja vitabu vyao. Shangazi yake mmoja alimwambia Zawadi mbele ya wafiwa, "Ulimwachilia mumeo mjini, sasa umeletewa." Nilipoweza kuongea nilikwenda moja kwa moja kwa Shomari, kwa magongo. Alikuwa anakunywa chai na chapati. Nikamwambia nilichokisikia jikoni kwa Mama Tatu, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanisogezea kiti. "Kibwana, kichwa chako kilipata mtikisiko. Kaa, kunywa chai." Kijiweni wakaniambia yaliyopita si ndwele, mara Eliya hafufuki, mara unataka kijiwe kifungwe tukale wapi? Safari zenyewe hazikudumu. Deo aliona masika yameingia akahamia kwingine, simu haishiki. Kama yu hai, naye jina lake nimeliandika. Yule mume wa viatu vyeupe jina lake silijui, ningelijua ningeliweka hapa, kwa sababu alijua kwamba mtu aliyembeba mkewe alikuwa mzima na akili zake, akanyamaza. Na miaka michache iliyopita mtoto wa Eliya, Baraka, alikuja Kongowe kutafuta kibarua. Alikaa kijiweni asubuhi moja tu. Wakamtania dereva mmoja mlevi kwa lile jina. Nilimwona kijana anasimama, anajipangusa suruali, anavuka barabara kurudi kwao. Hakumwambia mtu yeye ni nani, mimi niliambiwa na mama yake baadaye.

Turudi msibani. Jeneza lilipotolewa uani, msemaji wa familia akasema kama inavyosemwa, marehemu alikuwa binadamu, kama kuna aliyemkosea tunaomba amsamehe. Watu wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Mimi nikasema, "Mimi bado." Sikupiga kelele, lakini nilisema wote walipokwisha kunyamaza. "Nani huyo?" "Fundi pancha." Mtu akanivuta shati, "Kibwana, siyo hapa." Nikamuuliza, "Wapi? Kijiweni nilisema, mkaniambia nina mtikisiko." Shehe akainua mkono. "Mwacheni aseme. Ila kwa ufupi, ndugu yangu, maiti haingoji." Nikasema kwa ufupi. Kwamba Eliya hakunywa. Kwamba Shomari alitukataza kuita njia huku akijua kule kuna watu. Kwamba ile pakiti haikutoka mfukoni kwa Eliya. Mtoto mmoja alikuwa analia ndani kwa wanawake. Shehe akaniuliza, "Umesema. Sasa unamsamehe?" Nikamjibu, "Ya taya langu na mguu wangu nitazungumza na Mungu. Ya Eliya siyo yangu. Ana mke, yuko hai, yuko Mzenga. Mwulizeni yeye." Wakalibeba jeneza wakaondoka. Hakuna aliyenipa mkono.

Baada ya hitima Mfaume, mtoto mkubwa wa Shomari, alikuja kwenye banda langu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, ni mtu wa kujiheshimu. Alikaa kwenye benchi langu la mbao bila kulipangusa. "Shikamoo, Mzee Kibwana." "Marahaba." "Siku ile ya ajali nilikuwa mdogo," akasema, "ila nakumbuka baba alirudi, akamtuma mama dukani kununua pombe ya pakiti. Mama akashangaa, kwetu hainunuliwi. Baba akasema ni ya kusafishia kidonda. Hakuwa na kidonda." Nilisimama nikafunga banda, tukapanda gari lake.

Zawadi tulimkuta nyuma ya nyumba anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Nyumba ni ile ile, iliezekwa baadaye kwa nguvu zake. Mfaume alimsalimu kwa kupiga goti moja, akayasema yote, na lile la pakiti, akamwomba amsamehe marehemu. Zawadi hakuacha kubangua. Alipomaliza kusikiliza akaniuliza mimi, "Shemeji, hivi mlikuwa mnawaonyesha nini hao watu?" Nikamwambia, bonde. "Nipelekeni." Tukampeleka na kanga yake ya kazi. Alisimama kichwani mwa mteremko wa Kibuta, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, mananasi, minazi, vilima kule mbele. Alikaa sana. "Ndiyo hii?" "Ndiyo hii, shemeji." "Mbona ni kama ya nyuma ya nyumba yangu," akasema. Kisha akamgeukia Mfaume. "Baba yako aliyasemea wapi yale?" "Kijiweni, mama." "Basi na wewe kayaseme hapo hapo, watu wakiwepo. Halafu ndiyo uje na hilo la msamaha."

Aliyasema Jumamosi asubuhi, kijiwe kimejaa. Alisimama kati ya pikipiki, akasema baba yake alimsingizia Eliya. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo, braza, siku zote tulikuwa tunamtukana mtu?" Mfaume akasema ndiyo. Mara abiria akapiga mluzi ng'ambo ya barabara, pikipiki tatu zikachomoka kumgombania. Nikampigia Zawadi simu. "Amesema?" "Amesema, nimesikia mwenyewe." Nikasikia anavuta pumzi. "Haya. Mwambie aje Jumapili. Aanzie kanisani. Kwaya ipo, na wale wazee wengine bado wapo. Ayaseme na huko."

Nilimpelekea Mfaume ujumbe dukani kwake. Alikuwa anapima misumari. Akaiacha kwenye mizani, akashika kichwa. "Mzee Kibwana, mbele ya kanisa zima? Baba yangu hata arobaini haijafika. Huyu mama anataka nini hasa?"

"Anamtaka mumewe," nikamwambia. "Hilo huliwezi. Kwa hiyo Jumapili vaa shati safi, twende."